Nati za Pikapu na Kuku wa Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Nimetafuta neno dogo kuliko hilo, sikulipata.

Naandika jua likiwa bado juu ya migomba, nimekaa kwenye kibao nje ya nyumba ya rafiki yangu Selestini, kwa sababu kwangu leo silali. (Mtajua kwa nini.) Ninyi mnaokaa barazani pa duka, najua mnalisoma daftari hili kila nikilisahau juu ya kaunta. Basi someni. Lakini nitaandika yote kwa haki, na palipo na kosa langu nitasema ni langu. Pako pengi.

Nianze na Adelina, mke wangu. Mwezi wa nne alirudi kwao Isingiro. Sikumfukuza, alijiondokea, na alikuwa na haki. Niliezeka jiko kwa mabati manne na misumari tisa. (Misumari mingine ilikuwa mfukoni. Nilisema nitamalizia kesho. Kesho hiyo ilikaa miezi mitano.) Upepo ukaja, bati moja likashuka, likatua juu ya chungu cha maharage, hatua mbili kutoka alipokaa Adelina. Hakulia. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akasema, "Fideli, siku moja utaniua kwa kazi uliyoiacha katikati." Akaenda.

Nilikwenda kwao mara tatu na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mara ya tatu baba mkwe akaniambia kwamba mama mkwe ameamua. Atamleta binti yake yeye mwenyewe, Jumamosi, na mimi niwafuate na gari. Atalitazama jiko kwa macho yake. Akiridhika, Adelina anabaki. Asiporidhika, wanarudi wote wawili, na mimi nisihangaike tena kubeba pombe kwenda kwa watu.

Jumamosi hiyo ndiyo leo.

Jiko nililimaliza. Hilo naomba mniwekee upande wangu. Misumari arobaini na minane, na Selestini alihesabu. Kilichobaki kilikuwa gari tu.

Mzee Athumani, mwenye duka, ambaye mimi ni dereva wake, ana lile gari refu la milango mitano tunaloliita Tembo. Kwa Kihanga yetu nzima hakuna gari la kumfikia. Ana rimu za alumini zinazong'aa hata siku ya mvua. Jana nilimwomba.

"Gari nakupa," akasema. "Lakini Tembo hana miguu ya nyuma. Matairi yamekwisha, waya zinachungulia. Mapya hayajafika kutoka Bukoba."

"Mzee, na ile pikapu?"

Nyuma ya stoo ya kahawa ipo pikapu yake iliyotolewa injini zamani. Kuku wanatagia ndani. Lakini magurudumu yake mawili ya nyuma bado mazima kabisa.

"Kama yanaingia, tia," akasema Mzee Athumani. "Lakini Fideli, Tembo akirudi na mkwaruzo, afadhali uje bila yeye na bila wewe mwenyewe."

Sikulala vizuri.

Sasa someni polepole, maana kosa linazaliwa hapa.

Leo asubuhi mimi na Selestini tulipiga jeki. Selestini wengi mnamjua, wazee wake walitoka Rwanda, anavuna kahawa za watu na jioni anatengeneza baiskeli. Tukayatoa magurudumu ya pikapu, ya chuma cheusi. Nikahesabu matundu. Sita. Nikahesabu boliti za Tembo. Sita. Nikahesabu tena, kwa sababu mimi najijua. Sita. Tukalipandisha la kwanza. Likaingia kama limezaliwa pale! Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Zikabaki nati. Za pikapu zilikuwa fupi, pua imechongoka kidogo, na kutu imezila mpaka zimekuwa rangi ya udongo wa barabara. Za Tembo zilikuwa ndefu, zina shingo, zina washa pana kama shilingi, zinang'aa.

"Fideli," akasema Selestini, "hizi za pikapu nianze kutia?"

"Tia kwenye mkebe."

"Mkebe? Baiskeli hata iwe ya padri, nati inakwenda na gurudumu lake."

"Selestini, hii si baiskeli."

"Naona si baiskeli. Baiskeli ingekuwa na nati zake."

Hapo alinionya, na naandika kwamba alinionya. Asije mtu akasema Selestini hakusema.

Kwa nini sikumsikia? Nitasema, ingawa ni aibu. Niliogopa kutu. Nilimwona mama mkwe akilini mwangu anashuka garini, anainama, anaziona zile nati za kahawia, anasema: hata gari alilotujia nalo linaoza. Basi nikatia zile zinazong'aa. Shingo ya nati ilifika kwenye tundu ikagota. Nikakanyaga spana kwa mguu. Haikusogea. Nikasema imebana. Nikafanya hivyo zote kumi na mbili, kulia na kushoto. Kisha (naomba msicheke bado) nikachukua rangi nyeupe iliyobaki kwenye mlango wa stoo nikapaka duara kwenye kila tairi la nyuma. Kwa urembo.

Mkebe wa nati zenye kutu nikautupa chini ya kiti cha mbele.

"Yameingia?" aliuliza Mzee Athumani kutoka barazani.

"Yameingia, Mzee."

Sikusema uongo. Yalikuwa yameingia.

Jambo la pili ni vioo, na hapa nawaeleza ninyi ambao wazee wenu walitoka pwani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Hawaitani. Tangu nioe sijawahi kumwona uso, namjua kwa visigino na kwa sauti. Sasa mtu kama huyo unamwendeshaje? Ukiinua macho kwenye kioo cha ndani, huyo hapo. Basi kabla ya kufika Isingiro nilisimama nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Halafu nikafikiri: akichungulia dirishani je? Nikakikunja na kioo cha pembeni cha kushoto. Nikajisifu. Nikasema, leo Fideli amefikiria kila kitu.

Kwa wakwe nilichuchumaa nje, uso kwenye mgomba. Nikasikia nyayo.

"Shikamoo mama," nikauambia mgomba.

"Mwambieni marahaba," mama mkwe akaiambia nyumba.

Kwa kawaida Adelina ndiye wa kupokea maneno huku na kuyapeleka huku. Lakini Adelina alisimama mlangoni na furushi lake akatangaza, "Mimi sisemi naye mpaka nione paa."

Baba mkwe akacheka. "Mtakwenda mabubu watatu mpaka Kihanga? Nani atamwambia asimame mkitaka kujisaidia?"

"Nina kuku," akasema mama mkwe.

Alikuwa naye kweli, kuku jike wa kahawia, hana mkia, zawadi ya nyumba ya binti yake. Mama mkwe akapanda nyuma upande wa kushoto, kuku mapajani. Adelina akapanda nyuma yangu. Kiti cha mbele kikakaa mkungu wa ndizi. Nikawasha gari.

Njia nzima niliendesha kama nimebeba mayai. Shimo dogo nilisimama nikalitafakari. Nilimsikia mama mkwe anatafuna kahawa, ile ya kukaushwa na maganda yake, kila baada ya muda anatoa kichwa dirishani anatema ganda. Tfu! Kisha anatafuna nyingine. Nilianza kuzihesabu tfu ili nisiogope.

Kama robo tatu ya safari nikasikia: tok.

Nikanyoosha sikio. Tok. Tok.

Halafu nikakumbuka: mkebe! Nati kwenye mkebe, chini ya kiti! Nikapitisha mkono chini ya mkungu, nikashindilia kitambaa cha kufutia vioo ndani ya mkebe, nikakaa sawa.

Tok. Tok. Tok.

"Kuku," akasema mama mkwe.

Nikakaza usukani.

"Kuku wewe, gurudumu la upande wetu huku linatikisa kichwa. Nimeliona nikitema kahawa. Linatikisa kichwa kama mtu anayekataa jambo."

Nilisikia kila neno. Lakini nifanye nini? Hakusema na mimi, alisema na kuku. Mtu kuingilia maneno ya mama mkwe ni utovu wa adabu. Kunyamaza nako ni utovu wa adabu, maana anangoja jibu. Jasho lilinitoka hata masikioni. Mwisho nikaona njia ni ileile aliyoipita yeye.

"Kuku," nikasema, macho barabarani, sauti imekonda, "mwambie bibi yako asiogope. Ni mkebe wa nati, uko chini ya kiti."

Tfu.

"Kuku, mwambie dereva mkebe uko mbele, ndani. Mimi nasema la nyuma, la nje."

Adelina akaguna. Sijui aliguna kwa upande gani.

Hapa ningesimama. Kila mtu mwenye akili angesimama. Naandika wazi kwamba nilionywa mara mbili kwa siku moja, na mtu wa baiskeli na mtu wa kahawa, na wote wawili walikuwa sahihi. Lakini nilifikiri hivi: nikisimama, nikashuka, nikaligusa lile gurudumu mbele yake, atajua kwamba kazi ya leo nayo niliiacha katikati. Safari itaishia hapo, na Adelina atarudi kwao. Kilomita tatu tu zimebaki! Acha nifike kwanza, nitalitazama nyumbani, wao wakiwa ndani. Basi sikusimama. Nilipunguza mwendo tu, na nikaanza kusali.

"Kuku," nikasema, "mwambie tumekaribia."

Tulikuwa tunaanza kushuka ule mteremko wa mwisho, wenye migomba upande wa chini. Tok zilikuwa zimekwisha. Nikafurahi! Kumbe zilikwisha kwa sababu gurudumu lilikuwa limeacha kugonga likajitayarisha kuondoka.

Nikasikia mama mkwe, sauti imetulia kabisa, kama mtu anayetaja saa.

"Kuku, sasa limekwenda."

Upande wa kushoto, taratibu, likanipita gurudumu. Jeusi. Nilimhurumia mwenye gari. Wallahi, sekunde nzima nilimhurumia mtu huyo, nikawaza watu wake wako salama? Ndipo nikaliona lile duara jeupe, na pale brashi ilipotereza ikatoa kama mkia wa panya. Mkono wangu ule!

Tembo akakaa chini kwa nyuma. KRRRAAA! Vumbi, cheche, mkungu ukanirukia. Nikakanyaga breki, nikavuta breki ya mkono, nikaita majina ya watakatifu wote ninaowajua. (Ni wanne.) Tulisimama tumeinama kona ya kushoto, kona yake yeye! Nikasikia kishindo, na kuku akapiga kelele ya kuchinjwa.

Nikajua nimemuua mama mkwe.

Nikageuka.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Niligeuka mzima, kichwa na mabega, na yeye alikuwa anajiinua kutoka pembeni, kitenge kimemtoka kichwani. Tukatazamana. Uso kwa uso, pua kwa pua, karibu kama mtu na kinyozi wake. Ana kovu dogo juu ya jicho. Ana macho ya Adelina. Alikuwa na ganda la kahawa kwenye mdomo wa chini.

Adelina akapiga yowe la kwetu: "Mawe! Mama!" Akamtupia kitenge usoni. Mimi akanisukuma kichwa kwa kiganja kikarudi kutazama mbele.

Mzima. Hakuna aliyeumia. Nilishuka, nikakaa barabarani.

Na hapo ndipo hofu kubwa ilipokuja, maana gurudumu lilikuwa bado linakwenda. Nililiona likiacha barabara, likaruka mtaro, likazama kwenye migomba. Majani yakafunguka, yakajifunga. Kimya. Halafu huko chini watu wengi wakapiga kelele kwa pamoja, "Yeeeee!" Kisha kimya tena.

Nilijiona kizimbani. Nilijiona namwambia hakimu: mheshimiwa, zilikuwa na kutu.

Sijui ni muda gani ulipita. Migomba ikafunguka, wakatoka wanaume sita wanapanda kuja barabarani, miguu yao imelowa mpaka magotini, na mabegani wamebeba miti miwili. Kwa mbali niliona ni kama wale wanaombeba mgonjwa kwenye ngobi, machela yetu ya miti. Nikafunika uso.

"Mwenye mgonjwa ni nani?" akauliza wa mbele.

Nikachungulia kati ya vidole. Kwenye miti lilikuwa limelala gurudumu, limefungwa kwa kamba za migomba, linatiririka maji matamu, na nyuki wanalifuata.

"Kuna... kuna mtu?" nikauliza.

"Mtu hakuna. Tulikuwa tunakanyaga ndizi za rubisi. Huyu akaja bila hodi, akaingia kwenye mtumbwi wa kukandia, akakaa katikati yetu. Mgonjwa wenu amelewa."

"Hajalewa," akasema mwingine, mtu wa haki kama mimi. "Ni maji ya ndizi tu, hayajachacha."

"Sisi tulidhani ni vyama vingi," akasema wa tatu. "Tukasema, hiki sasa ni chama gani, alama yake gurudumu, kimekuja kuomba kura mpaka shambani?"

Wakacheka mpaka wakaweka mgonjwa chini. Nikawaomba radhi kwa ndizi zao. Wakasema mtumbwi haukupasuka, ndizi zitachujwa, ila watu wa rubisi hiyo wakisikia ladha ya mpira, watatumwa kwangu.

Ilikuwa imebaki nikimbie au nife, sikujua lipi ni jepesi. Mama mkwe akashuka. Amejifunika vizuri sasa, limebaki jicho moja. Kuku kwapani. Akapita nyuma yangu, akainama pale gurudumu lilipokuwa, akaokota kitu mchangani. Nati ya Tembo. Bado inang'aa, shetani yule. Akaenda kwa mgonjwa, akaitia ile nati kwenye tundu la gurudumu, akaizungusha kwa vidole.

"Kuku," akasema, "hii ina shingo nene. Tundu ni jembamba. Imesimama mlangoni, ndani haikuingia. Nani aliyeitia hapa?"

"Kuku," nikasema kwa mgongo wangu, "ni mimi."

"Na za gurudumu hili ziko wapi?"

Wanaume sita wakanitazama. Adelina akanitazama. Hata kuku alinitazama, kwa jicho la pembeni.

"Kuku... ziko kwenye mkebe."

"Ule mkebe?"

"Ule ule."

Sita wale walilala chini kwa kicheko. Mmoja alishika mgomba. Na mama mkwe akauliza swali ambalo ningetoa kila nilichonacho asiulize: kwa nini? Njia nzima nilikuwa nimebeba nati za haki chini ya kiti, nikazishindilia na kitambaa zisiseme. Kwa nini?

Ningeweza kusema sikujua. Lakini ningemwonea Selestini, maana yeye alijua na akasema. Basi nikasema yote, barabarani, mbele ya watu wenye maji ya ndizi magotini. Kwamba Selestini aliniambia nati inakwenda na gurudumu lake. Kwamba nilimjibu hii si baiskeli. Kwamba zile za pikapu zilikuwa na kutu, nikaogopa mama mkwe ataiona kutu akasema siwezi kazi. Kwamba rangi nyeupe nayo ni mimi.

"Urembo," akasema mmoja wa wale sita, akalifuta gurudumu kwa heshima.

Mama mkwe hakucheka. Akasema, "Kuku, mwambie atie za kutu."

Nikapiga jeki, nikatia. Zile pua zilizochongoka ziliingia kwenye matundu zikakaa, na gurudumu likajivuta lenyewe katikati. Ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi zile za Tembo zilikuwa zimegota tu, hazikubana. Boliti mbili zilikuwa zimekatika, zikabaki nne. La kulia nalo nikalifungua, nikatia sita zake. Mama mkwe alisimama nyuma yangu muda wote. Kila nati aliuliza, "Kuku, hiyo?" na mimi nikajibu, "Kuku, imebana." Mara kumi.

"Kuku, gari sasa linaweza kwenda?"

"Kuku, polepole litakwenda."

"Basi panda wewe."

Akafungua mlango wa mbele, akausogeza mkungu, akamweka kuku kwenye kiti. "Sisi tuna miguu. Ya kwetu hatukuibadilisha."

Kwa hiyo mlioko barazani, ile mliyoiona saa tisa mkaiita harusi haikuwa harusi. Alikuwa mama mkwe mbele, Adelina nyuma yake na furushi kichwani, halafu Tembo kwa mwendo wa konokono, mimi ndani na kuku kiti cha mbele kama mkuu wa wilaya. Mlipiga makofi. Nawasamehe, hamkujua. (Selestini alijua. Alipoiona kutu kwenye gurudumu alivua kofia.)

Nyumbani sikuthubutu kusogea jikoni. Nilisimama nyuma ya Tembo. Nilimsikia mama mkwe akiomba mchi. Kisha nikasikia bati linagongwa kutoka chini: ko, ko, ko. Kona ya kwanza. Ya pili. Kuna msumari mmoja kona ya tatu ulikuwa umepinda kidogo, niliupiga ukalala ubavu. Kwa nini sikuung'oa? Kwa nini siku zote nabakiza kimoja? Ko, ko. Kimya kirefu. Ko.

Halikushuka kitu.

"Nileteeni yule kuku," akasema mama mkwe.

Adelina akaja akamchukua bila kunitazama. Nikategea sikio.

"Kuku, jiko hili limefungwa. Msumari mmoja umepinda, lakini umo. Na leo nimeuona uso wa dereva, jambo ambalo hatutalitaja tena. Uso ule umeogopa mpaka ndani. Mtu aliyeogopa hivyo, akishika nyundo tena atamaliza. Adelina anabaki." Akatema ganda. Tfu! "Ila Jumatatu mimi sipandi gari. Jumatatu nitarudi na baiskeli ya yule Selestini."

Nililia kidogo nyuma ya Tembo. Vumbi lilikuwa jingi.

Mzee Athumani nilimweleza mwenyewe kabla hamjamweleza ninyi. Alizunguka gari, akaona mkwaruzo, akazitazama boliti zilizokatika.

"Fideli, nilikuuliza kama yameingia."

"Yaliingia, Mzee."

"Kumbe ningekuuliza kama yatabaki." Akavua kofia, akajikuna. "Kalioshe lile gurudumu. Nyuki wanaingia dukani kwenye sukari."

Sijui kama hiyo ni kufukuzwa au ni kusamehewa. Nimelisugua mara tatu. Rangi nyeupe imetoka, harufu ya ndizi imebaki.

Mama mkwe analala kwangu, na mimi kulala paa moja naye hakuruhusiwi, ndiyo maana niko hapa kwenye kibao cha Selestini, naye anasoma nyuma ya bega langu na kusahihisha aliyoyasema. (Anasema alisema "baiskeli ya askofu", si ya padri. Nimekataa.)

Muda si mrefu uliopita Adelina amekuja mpaka hapa kwenye migomba, amesimama mbali kidogo, mikono kiunoni. Tangu mwezi wa nne hajanielekezea neno, ukiacha kile kiganja.

"Fideli," akasema. "Yule kuku. Kesho tumchinje?"

Nimemwambia hapana. Katika nyumba ile nzima ni yeye peke yake anayesema na kila mtu.